Rovu, Chumvi na Hadubini: Historia ya Uvimbe wa Shingo Kibera na Kawangware

Limfoma ya tezi ya thiroidi ni saratani ya limfosaiti, yaani zile chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuulinda mwili dhidi ya maradhi, na ambayo huanzia ndani ya tezi iliyokaa kama kipepeo mbele ya koo, chini kidogo ya kongomeo, mahali panapotengenezwa homoni zinazoongoza kasi ya mwili katika kutumia chakula na kutoa joto. Saratani hii ni adimu: katika kila saratani 100 za tezi ya thiroidi, kati ya 1 na 5 tu ndizo limfoma. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hasa waliovuka miaka 60, na mara nyingi huota katika tezi ambayo imeshambuliwa kwa miaka mingi na kinga ya mwili wenyewe, katika ugonjwa uitwao Hashimoto. Ajabu yake ni kwamba tezi yenye afya haina makao ya limfosaiti. Chembe hizo huingia humo kwa sababu ya vita ambavyo havikupaswa kupiganwa, na baada ya kukaa muda mrefu moja kati yao huasi. Kuandika historia ya maradhi ya namna hii katika vitongoji viwili vya Nairobi, Kibera na Kawangware, ni kuandika historia ya kutazama: nani aliitazama shingo ya nani, kwa chombo gani, na aliandika jina gani kwenye daftari.

Kibera ilianza kama ardhi ya jeshi. Mwaka 1904, mji wa Nairobi ukiwa na umri wa miaka mitano tu, askari wa Kisudani wa kikosi cha King's African Rifles, ambao wazao wao leo huitwa Wanubi, walitengewa eneo la msitu kusini-magharibi mwa mji, wakaliita Kibra, neno ambalo wao wenyewe hulifasiri kuwa msitu. Mwaka 1918 eneo hilo, lenye takriban ekari 4,200, lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, na aliyetaka kukaa humo alihitaji kibali cha wakuu wa jeshi. Usimamizi ulihamia kwa serikali ya kiraia mwaka 1928, na Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter katika miaka ya mwanzo ya 1930 ikawahesabu Wanubi kuwa wapangaji wanaokaa kwa ridhaa ya Serikali, wala si wenye haki ya ardhi. Ilibidi wasubiri hadi mwaka 2017 kupewa hati ya ekari 288, sehemu ndogo sana ya ile hifadhi ya mwanzo. Kawangware ina asili tofauti kabisa. Ilikuwa ndani ya hifadhi ya Wagikuyu, katika Dagoretti ya wilaya ya Kiambu, nje ya mpaka wa mji hadi mpaka huo ulipopanuliwa mwaka 1963. Kwa hiyo ardhi yake ilikuwa ya familia zilizoijua mipaka ya mashamba yao, nazo ndizo zilizojenga vyumba vya kupangisha wageni waliokuja kutafuta kazi mjini, wengi wao Waluhya kutoka magharibi.

Tofauti hiyo ya kisheria, ambayo kwa macho ya leo huonekana kama jambo la wenye mashamba na mawakili tu, ndiyo iliyoamua pia mgonjwa aandikwe wapi. Aliyeumwa Kibera alikuwa mtu wa mji, na njia yake ilielekea Hospitali ya Wenyeji, iliyofunguliwa mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, ikaitwa King George VI mwaka 1952, kisha Hospitali ya Taifa ya Kenyatta baada ya uhuru. Aliyeumwa Kawangware alikuwa mtu wa hifadhi, na karibu naye zaidi palikuwa Thogoto, ambako wamisionari wa Kanisa la Scotland walianzisha hospitali mwaka 1908. Watu waliotenganishwa na mwendo wa saa moja kwa miguu waliingia katika madaftari mawili ambayo hayakusomana, na katika madaftari yote mawili uvimbe wa shingo uliandikwa kwa neno moja tu, lile ambalo Kiswahili huliita rovu.

Rovu ni uvimbe wa tezi ya thiroidi unaoonekana kwa nje, na sababu yake kubwa duniani kote imekuwa upungufu wa iodini, madini ambayo Tanzania huitwa madini joto. Tezi hutumia iodini kutengeneza homoni zake. Ikiikosa, hukua ikijaribu kunasa kidogo kilichopo, kama mkulima anayepanua shamba kwa sababu udongo umechoka. Iodini huoshwa na mvua kutoka katika udongo wa milimani ikapelekwa baharini, ndiyo maana rovu ni ugonjwa wa nyanda za juu, na ndiyo maana nyanda za juu za Kenya, za kati na za magharibi, zilijulikana kwa mashingo yaliyovimba kabla daktari yeyote hajazipima. Wengi kati ya wakazi wa Kibera na Kawangware walitoka huko huko. Walipohamia mjini walikuja na shingo zao na mazoea ya jikoni kwao, lakini walikuta chumvi ya dukani, iliyotoka katika mabwawa ya pwani kati ya Malindi na Marereni, na katika chumvi hiyo ndimo Serikali ilimoamua kuweka tiba.

Wazo hilo lilikuwa limekwisha kujaribiwa kwingineko. Uswisi na jimbo la Michigan la Marekani zilianza kutia iodini katika chumvi katika miaka ya 1920, na rovu likapungua kiasi ambacho watoto wa kizazi kilichofuata walilifahamu kwa picha tu. Kenya iliifanya iodini katika chumvi kuwa sharti la sheria mwaka 1978, kupitia kanuni za vyakula, dawa na kemikali, na mwishoni mwa miaka ya 1980 kiwango kikaongezwa kwa sababu kile cha mwanzo hakikutosha. Matokeo yalionekana: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1994 ulikuta rovu kwa asilimia 16 ya waliopimwa, na ule wa mwaka 2004 ukakuta asilimia 6. Haya ni mafanikio makubwa ya afya ya umma, na hayastahili kudharauliwa na yeyote aliyewahi kuona mtoto aliyezaliwa na akili iliyodumaa kwa sababu mama yake alikosa iodini. Hata hivyo, mafanikio hayo yaliacha nyuma yake tabia ya fikra. Kwa kuwa uvimbe wa shingo ulikuwa umeelezwa, na dawa yake ilipatikana kwenye kila kibanda kwa shilingi chache, hata kwa kupimiwa kijiko kimoja kimoja kwenye karatasi ya plastiki, uvimbe wowote wa shingo uliendelea kusomwa kama deni la chumvi.

Ni lazima iongezwe kwamba chumvi yenyewe ina upande wa pili. Nchi kadhaa zilizoondoa upungufu wa iodini zimeona ugonjwa wa Hashimoto ukiongezeka. Katika mkoa wa Salta, Argentina, ambako chumvi ilitiwa iodini kuanzia miaka ya 1960, wataalamu walipolinganisha tezi zilizokatwa kabla na baada ya mabadiliko hayo waliona limfosaiti zikiwa nyingi zaidi katika zile za baadaye. Sababu inafahamika kwa sehemu: protini kuu ya tezi, iitwayo thairoglobulini, ikibeba iodini nyingi huwa rahisi zaidi kutambuliwa na kinga kama adui. Hilo halimaanishi kuwa chumvi yenye iodini ni mbaya, kwa maana madhara ya kuikosa ni makubwa mara nyingi zaidi. Linamaanisha kuwa jamii inapovuka kutoka upungufu hadi utoshelevu, sura ya ugonjwa wa tezi hubadilika, na daktari anayeendelea kusoma shingo za mwaka 2020 kwa kamusi ya mwaka 1960 atakosea.

Ugonjwa wa Hashimoto ulitambuliwa mwaka 1912, katika Chuo Kikuu cha Kyushu huko Fukuoka, Japani, na daktari kijana wa upasuaji, Hakaru Hashimoto, aliyechunguza kwa hadubini tezi za wanawake wanne na kukuta zimejaa limfosaiti zilizojikusanya katika viota, kana kwamba tezi imegeuka kuwa mtoki, yaani tezi ya limfu. Alichapisha matokeo yake kwa Kijerumani, akauita ugonjwa huo kwa jina la Kilatini lenye maana ya rovu la kilimfu, kisha akarudi mji wa kwao wa Iga kuendesha zahanati ya familia, ambako alikufa kwa homa ya matumbo mwaka 1934 bila kujua kuwa jina lake lingezunguka dunia. Kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyejua limfosaiti hizo zilifuata nini. Jibu lilikuja mwaka 1956 kutoka pande mbili: huko Buffalo, Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky waliwafanya sungura washambulie tezi zao wenyewe, na katika Hospitali ya Middlesex, London, Ian Roitt, Deborah Doniach na wenzao walikuta katika damu ya wagonjwa wa Hashimoto kingamwili, yaani protini za ulinzi, zilizoelekezwa kwenye tezi ya mwenye damu. Hapo ndipo tiba ilipokubali jambo ambalo awali lilionekana kuwa haliwezekani, kwamba kinga ya mtu inaweza kumgeuka mwenyewe.

Nairobi ya wakati huo ilikuwa na maabara, na maabara hiyo ilikuwa na macho, lakini macho hayo yalikuwa na historia yake. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa patholojia wa Maabara ya Utafiti wa Tiba ya Nairobi, F. W. Vint, alichapisha kazi mbili ambazo ni vigumu kuzisoma moja bila nyingine. Mwaka 1934 alidai kwa vipimo vya ubongo kuwa ubongo wa mwenyeji wa Kenya ulikuwa duni, kazi iliyotumiwa na walowezi wa jumuiya ya kile kilichoitwa uboreshaji wa nasaba kutetea kwamba Mwafrika asisomeshwe sana. Mwaka uliofuata, katika jarida la Lancet, alichapisha moja kati ya maelezo ya kwanza ya saratani za Waafrika wa Kenya, kazi yenye thamani kwa sababu ilivunja dhana iliyokuwa imeenea kuwa Mwafrika haugui saratani. Hadubini moja hiyo hiyo ilitumiwa kwa uongo na kwa ukweli, na anayejenga historia ya ugonjwa katika nchi hii hana budi kuzishika kazi zote mbili mkononi. Baada yake, C. A. Linsell aliendesha katika maabara hiyo hiyo rejista ya saratani iliyokusanya taarifa za nchi nzima kuanzia mwaka 1957. Rejista ya namna hiyo huhesabu kinachokatwa na kutumwa. Mgonjwa ambaye hakuna aliyekata kipande cha uvimbe wake hakuwa na saratani, kwa kadiri ya vitabu.

Wakati rejista ya Nairobi ikianza, Kampala ilikuwa imekwisha kutangulia, na Kampala ndiko historia ya limfoma, pamoja na ile ya shingo, ilikochukua mkondo wake wa Kiafrika. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, aliona mtoto mwenye uvimbe kwenye pembe zote nne za mataya, kisha mwingine, na mwaka 1958 akauandika ugonjwa huo kama aina ya sarkoma. Wenzake wa patholojia, Gregory O'Conor na J. N. P. Davies, ndio walioonyesha kuwa ulikuwa limfoma. Mwaka 1961 Burkitt alifunga safari ya wiki kumi kwa gari, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, wakipita hospitali moja baada ya nyingine kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, wakiuliza swali moja tu: uvimbe huu mmeuona? Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kuwa ugonjwa ulifuata joto na mvua, na kwamba katika Afrika Mashariki ulikoma ulipofika mwinuko wa takriban mita 1,500. Leo inafahamika kwamba kilichokoma hapo kilikuwa malaria ya kudumu, ambayo hushirikiana na virusi vilivyogunduliwa na Anthony Epstein na wenzake mwaka 1964 katika chembe zilizopelekwa kwa ndege kutoka Uganda hadi Hospitali ya Middlesex, ile ile ambamo miaka minane kabla siri ya Hashimoto ilikuwa imefunguliwa.

Nairobi iko juu ya mstari huo wa Burkitt, na hapo ndipo Kibera na Kawangware zinapoingia. Ramani ya rovu ilikuwa ramani ya milima, na ramani ya limfoma ya watoto ilikuwa ramani ya ziwa na pwani; zilikuwa kama mikono miwili isiyoshikana. Uhamiaji wa kutafuta kazi ulizilaza ramani hizo moja juu ya nyingine katika vijiji vya Kibera, ambako Mluo wa kando ya Ziwa Nyanza alipanga chumba ukuta kwa ukuta na Mkisii wa nyanda za juu, na katika vyumba vya Kawangware, ambako Mluhya alikuwa mpangaji wa Mgikuyu. Mtaalamu aliyekaa Hospitali ya Kenyatta katika miaka ya 1960 hakuhitaji safari ya wiki kumi; Afrika Mashariki ilikuwa imekuja kumkuta ng'ambo ya barabara.

Mmoja aliyeitumia nafasi hiyo alikuwa Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali hiyo. Alitibu limfoma ya Burkitt kwa dawa kama saiklofosfamidi wakati ambapo sehemu kubwa ya dunia iliamini kuwa saratani ni ya kisu na mionzi tu, na alipeleka sampuli Stockholm kwa George na Eva Klein, ambao maabara yao ilijenga juu yake sehemu kubwa ya elimu ya kinga dhidi ya uvimbe. Inafaa kusisitizwa, kwa sababu vitabu vya tiba hulisahau, kwamba wazo la limfoma kuyeyuka kwa dawa lilipata baadhi ya ushahidi wake wa mwanzo katika wodi za Nairobi na Kampala, kwa miili ya watoto wa Afrika Mashariki. Saiklofosfamidi hiyo hiyo imo hadi leo katika mseto wa dawa wanaopewa wagonjwa wa limfoma kali ya tezi ya thiroidi.

Uzi wa pili kutoka Kampala ni mwembamba zaidi, lakini ndio unaofika moja kwa moja kwenye tezi. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa patholojia Dennis Wright alifanya kazi Makerere, akaichunguza limfoma ya Burkitt chembe kwa chembe, na mwaka 1970 yeye na Burkitt wakahariri kitabu juu ya ugonjwa huo. Baadaye alikwenda Southampton, Uingereza, na mwaka 1983, akiwa na Peter Isaacson, alieleza aina mpya ya limfoma ambayo haianzii kwenye mitoki bali kwenye tishu za limfu zilizoko katika utando wa ndani wa viungo kama utumbo. Katika miaka iliyofuata Isaacson na wengine walionyesha kuwa limfoma hizo huota pia mahali ambapo tishu za limfu hazikupaswa kuwapo kabisa, bali zililetwa na uvimbe wa muda mrefu: kwenye tumbo, zililetwa na bakteria; kwenye tezi za mate na tezi ya thiroidi, zililetwa na kinga inayojishambulia. Hivyo jicho lililofundishwa kuona limfoma katika mataya ya watoto wa Uganda lilishiriki kuueleza ugonjwa wa shingo za wanawake wazee kote duniani.

Jinsi ugonjwa unavyokua inaeleweka leo kwa uwazi wa kutosha. Limfosaiti za Hashimoto hukusanyika ndani ya tezi, hujenga viota, na ndani ya viota hivyo hugawanyika mara nyingi zikichongwa upya ili kingamwili zake zishike vizuri zaidi. Kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa katika jeni, na baada ya miaka mingi ukoo mmoja wa chembe huacha kusikia amri ya kusimama. Ukoo huo ukienda taratibu, huitwa limfoma ya pembezoni mwa viota, na aghalabu hutibika kwa mionzi ya shingo peke yake. Ukigeuka kuwa wa chembe kubwa, ambao ndio wa kawaida zaidi, tezi huvimba kwa wiki chache, sauti hukwaruza, chakula hukwama, na pumzi hubana hasa mgonjwa akilala chali. Mwenye Hashimoto ana hatari ya limfoma hii iliyo kubwa mara makumi kadhaa kuliko ya asiye nayo, ingawa kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni adimu, walio wengi kabisa wenye Hashimoto hawataupata kamwe. Jambo la kutia moyo, ambalo halina budi kusemwa kwa sauti, ni kwamba uvimbe huo wa kutisha hujibu dawa upesi, na kuukata wote kwa upasuaji mkubwa mara nyingi si lazima.

Yote hayo, hata hivyo, yanategemea kutofautishwa. Sindano nyembamba ya kunyonya chembe chache hukosea mara kwa mara, maana limfosaiti za Hashimoto na zile za limfoma ya taratibu hufanana kama mapacha. Kinachohitajika ni kipande kizima cha tishu, na rangi maalumu za maabara zinazoonyesha kama chembe zote ni za ukoo mmoja. Hapa historia ya rovu inamrudia mgonjwa wa kitongoji. Kwa miongo mingi Waafrika walielezwa katika maandishi ya tiba kuwa hawaugui sana magonjwa ya kinga kujishambulia. Mwaka 1968 Brian Greenwood, aliyefanya kazi Nigeria, alipendekeza katika Lancet kuwa huenda maambukizi ya vimelea tangu utotoni huituliza kinga. Nadharia hiyo ilikuwa ya busara na imezaa utafiti wenye matunda hadi leo. Lakini nadharia ya uchache, ikifika kwenye chumba cha daktari chenye foleni ndefu, hugeuka kuwa ruhusa ya kutotafuta: hapana Hashimoto, basi hapana limfoma yake, basi hili ni rovu.

Kibera imetazamwa sana tangu miaka ya 1990, labda kuliko kitongoji chochote cha Afrika, lakini imetazamwa kwa maradhi ya kuambukiza. Muuguzi Tabitha Festo alianzisha kliniki yake humo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mtaji mdogo mno, nayo ikakua na kubeba jina lake baada ya kufariki. Tangu katikati ya muongo huo Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ilifuatilia kaya za vijiji vya Gatwekera na Soweto, humo humo Kibera, kwa homa, kuhara na nimonia. Madaktari Wasio na Mipaka walitibu Ukimwi na kifua kikuu humo, kisha wakaongeza kisukari na shinikizo la damu, na mwaka 2017 wakakabidhi kituo cha Kibera Kusini kwa kaunti. Kila moja ya kazi hizo iliokoa maisha. Tezi ya thiroidi haikuwamo katika mpango wowote kati ya hiyo, na Kawangware, isiyo na umaarufu wa Kibera, haikupata hata sehemu ya macho hayo. Hata idadi ya watu yenyewe ilibishaniwa: magazeti yalikuwa yakitaja milioni moja Kibera hadi sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu 170,070, na bila kujua watu ni wangapi hakuna awezaye kusema ugonjwa ni adimu kiasi gani miongoni mwao.

Rejista ya Saratani ya Nairobi, inayohudumiwa na KEMRI tangu mwanzoni mwa karne hii, imerekebisha sehemu ya kasoro hiyo ya kuhesabu, kwa kuwa huandika saratani za wakazi wa kaunti nzima, wala si za hospitali moja tu. Ofisi za KEMRI ziko kando ya Barabara ya Mbagathi, ng'ambo tu ya Kibera, na Hospitali ya Mbagathi, iliyokuwa zamani hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, iko jirani. Umbali wa kijiografia umekwisha. Ule unaobaki upo kati ya mkono wa daktari wa zahanati na kisu kidogo cha kukata kipande. Kwa hiyo wito unaelekezwa kwa wauguzi na madaktari wa Riruta, jirani na Kawangware, wa Kibera Kusini na wa Mbagathi: mwanamke mwenye umri mkubwa, awe wa Laini Saba huko Kibera au wa Kawangware, anapokuja na shingo iliyoongezeka maradufu kwa wiki chache, asipewe tembe wala ushauri wa chumvi kabla kipande cha uvimbe huo hakijafika kwenye hadubini, na kwenye fomu iandikwe kijiji anachoishi, na pia kama tezi iliyoizunguka saratani ilikuwa na Hashimoto.